Batri haijakufa: angalia kwanza ule unga mweupe juu ya kichwa chake

Baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 mnaijua, wandugu. Mu Lubumbashi, mu Likasi, mu Kolwezi, saa kumi ya usiku mutu anatoka mu blanketi kwa nguvu, anavaa salopeti, anakunywa chai mbio mbio, anaenda ku motokari yake. Anageuza ufunguo. Tik. Anageuza tena. Tik. Taa za mbele zinawaka, redio inaimba, lakini injini hapana. Na poste ya kwanza ku mine haingoji mutu.

Jirani yetu mmoja, mwenye kufanya kazi ku mine ya upande wa Kolwezi, mambo hayo yalimufikia siku tatu zenye kufuatana. Siku ya kwanza watoto wake walisukuma motokari mpaka ikawaka. Siku ya pili watoto na majirani. Siku ya tatu haikuwaka hata na kusukuma, na papa akachelewa kazi. Muuzaji wa batri alimuambia bila kuangalia sana: "Ile imekufa, papa. Nunua ingine." Basi papa akarudi nyumbani kuomba franga ambazo muke wake alikuwa amewekea minervali ya watoto ya mwezi wa 9. Mama akakatala. "Hizi ni franga za masomo. Muite kwanza mutu aangalie."

Tukaenda. Hatuko mafundi wa garaji, lakini kosa hilo tulilijua, sababu lilitupata sisi wenyewe mbele yake. Motokari tuliyokuwa tunatumia kwa kazi ilikatala kuwaka, tukanunua batri mupya, tukashangilia. Nyuma ya wiki tatu, tik tena. Muzee mmoja fundi akafungua kapo, akacheka, akasema: "Mulinunua batri, lakini kosi muliacha ile ile ya zamani, na buchafu yake yote." Akasugua nusu saa, motokari ikawaka. Ile batri ya kwanza, kumbe ilikuwa ingali mzima, na tulikuwa tumeiacha kwa muuzaji bure. Mpaka leo tunaona haya kuyasimulia.

Ku motokari ya jirani, tulipofungua kapo, tulikuta vichwa viwili vya batri vimeota unga. Kichwa kimoja kilikuwa na unga mweupe kama chokaa. Kingine kilikuwa na rangi ya bluu yenye kuelekea kijani, mpaka hata kosi, ile pete ya chuma inayokamata kichwa, haikuonekana tena vizuri.

Hapa wasomaji wetu wa viwanda vya shaba watacheka, sababu ile bluu wanaijua kuliko fundi yeyote wa barabarani. Ni salfati ya shaba. Ni ndugu ya ile inayoganda pembeni ya vyombo vya elektrolizi. Kule Shituru, mu Likasi, tangu 1929, na kule Luilu, karibu na Kolwezi, tangu 1960, kazi ni hiyo hiyo: asidi salfuriki inayeyusha shaba, maji yanakuwa ya bluu, kisha umeme unakamata shaba na kuiganda juu ya katodi. Na anodi zinazotundikwa mbele ya katodi ni za nini? Za risasi. Sasa fungua batri ya motokari: ndani mko risasi na asidi salfuriki. Mufaransa Gaston Planté aliitengeneza ya kwanza mu 1859, na mpaka leo haijageuka sana. Kwa hiyo mutu wa Katanga mwenye batri nyumbani, ni kama ana kiwanda kidogo chini ya kapo.

Njo vile unga unatokea. Batri inapojazwa umeme, maji ya ndani yanachemka kidogo, yanatoa hewa na mvuke wenye asidi. Mvuke unapita pembeni ya kichwa ama mu matundu ya vifuniko, unakutana na chuma. Ukikuta risasi, unafanya unga mweupe. Ukikuta shaba ya waya ao ya kosi, unafanya ule wa bluu. Unga haupitishi umeme vizuri. Unaingia polepole katikati ya kichwa na kosi, mpaka hivi viwili vinaonekana vinagusana lakini havigusani tena.

Tena, kwa nini taa inawaka na injini inakatala? Muwaze njia ya malori ku mine. Njia ni pana, lakini mahali pamoja daraja limebomoka, imebaki nafasi ya meta moja. Mutu wa kinga anapita bila shida. Lori la madini halipiti. Taa na redio ni mutu wa kinga: zinaomba umeme kidogo. Demarere ni lori: ku motokari ndogo inaweza kuomba ampere 100, 150, na kupita. Daraja likiwa bovu, volti zinabaki pale pale ku unga, na ku demarere zinafika chache. Kwa hiyo mutu anaona taa na kusema umeme uko. Ni kweli uko, lakini hauna njia.

Mbele ya kununua kitu, jaribu kujua kama ugonjwa uko ku batri ao ku daraja. Mwenye aparei ya kupima volti aiguse juu ya vichwa vyenyewe vya batri, siyo juu ya kosi. Batri ya volti 12 iliyojaa, iliyopumzika masaa machache, inaonyesha karibu 12,6. Ikionyesha 12,0 ama chini, ina njaa, inaomba kujazwa. Kisha mwenzako ageuze ufunguo, na wewe weka ncha moja ya aparei juu ya kichwa, ingine juu ya kosi ya kichwa kile kile. Ingefaa kuonyesha karibu sifuri. Ikiruka mpaka volti moja ama mbili, usitafute tena mbali: buchafu iko hapo. Asiye na aparei, ashike kosi na kuitikisa. Kama inacheza, ama kama imekuwa moto nyuma ya kujaribu kuwasha mara tatu, jibu ni lile lile.

Ku jirani, kosi moja ilikuwa inacheza na ingine imekuwa moto. Tukamuambia mama: "Tunaomba vitu vya kwako vya jikoni." Alileta bikarbonati, ile anayotia mu vitumbula na mu maharagi magumu, brosi ya meno ya zamani, kikopo, vitambaa viwili vya kutupa, na vaselini ya watoto. Papa alikuwa na ufunguo wa 10. Mifuko miwili ya plastiki tukaifunga ku mikono sababu hapakukuwa na glavu, na papa akavaa lineti zake za kazi, sababu kipande kidogo cha ule unga mu jicho ni jambo la hospitali.

Kwanza, injini kimya na ufunguo mu mfuko. Kisha unafungua kosi ya kichwa cha kutoa (–), ndiyo inayofungwa ku mwili wa motokari. Kisha ya kuongeza (+). Watu wengi wanafanya kinyume, na wengine wanatuambia hakuna tofauti. Tofauti iko. Ukianza na (+), na ufunguo wako ukagusa chuma cha motokari, umeme wote wa batri unapita mu ufunguo: moto unaruka, chuma kinayeyuka, na kama hewa ya batri iko karibu, inalipuka. Tukitoa (–) kwanza, njia ya kurudi imekatwa, ufunguo unaweza kugusa mahali popote. Pete ya arusi na saa ya chuma vitoke ku mukono mbele ya kuanza. Kosi ikikatala kutoka, usiipige na nyundo: kichwa ni cha risasi, laini, kinavunjika na batri inavuja. Mwagia maji ya moto kidogo, ngoja, kisha izungushe polepole na mukono.

Vifuniko vya batri viwe vimefungwa vizuri, sababu bikarbonati ikiingia ndani inaua asidi ambayo batri inaihitaji. Tukachanganya kijiko kimoja kikubwa cha bikarbonati na kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, tukamwaga kidogo kidogo juu ya unga. Inachemka kama soda, povu inapanda. Ni asidi inakufa: inageuka chumvi, maji na gazi. Mutoto wao mukubwa aliuliza kama ni moto. Hapana, siyo moto. Povu likinyamaza, unasugua na brosi, unamwaga tena. Likiacha kutokea, asidi imekwisha pale. Ile bluu inayeyuka mbio. Nyeupe, yenyewe, ni nguvu. Ile haiyeyuki mu maji, inaomba brosi na mukono. Ndani ya kosi usisahau, njo mahali pa maana: tulikunja kipande cha papye ya msasa tukazungusha mpaka chuma kikang'aa. Kisha maji safi, kisha kitambaa kikavu.

Tuseme kidogo juu ya dawa zingine, sababu kila mutaa uko na yake.

Levire ya keki siyo bikarbonati. Ndani yake walichanganya tayari bikarbonati na asidi ya unga, kwa hiyo sehemu ya nguvu inakwisha bure mu maji mbele ya kugusa batri. Kama haiko ingine, itasaidia kidogo. Majivu ya makala ama ya kuni, yaliyolowekwa mu maji ya moto na kuchujwa, yanafanya kazi nzuri. Yana chumvi yenye kushinda asidi, wamama wa zamani waliyatumia kulainisha chakula bila kwenda ku shule ya kemia. Coca-Cola, watu wanaisifu sana. Ni kweli inatoa unga, sababu yenyewe ni asidi, lakini hauwezi kuua asidi na asidi, na sukari inabaki pale ikikusanya vumbi na mchwa. Siki na ndimu, hukumu ni ile ile: vinaweza kung'arisha kosi iliyotolewa, kisha inaomba kuioshea tena na bikarbonati. Sisi tunaona ni kupoteza ndimu.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa: (+) kwanza, (–) mwisho. Kaza mpaka kosi isicheze, lakini usikaze kama bolti ya gurudumu la lori. Kisha, nyuma ya kukaza, siyo mbele, paka vaselini kidogo juu ya kichwa na kosi, ifunike chuma mvuke usikiguse. Usipake mafuta ya ngazi. Yanaharibika, yanakamata vumbi, na nyuma ya mwezi utakuta uji mweusi.

Papa akageuza ufunguo. Injini ikawaka mara moja. Mama hakusema neno, alirudisha tu kikopo cha bikarbonati mu kabati, na bahasha ya minervali pia.

Tungeweza kuishia hapa. Lakini jioni ile, mu nyumba ile ile, tuliona kitu kilichotufanya tuandike ukurasa huu wote. Mu chumba watoto wanamolala, pembeni ya kitanda, kulikuwa batri ingine ya motokari. Umeme ukikatika, ile inawasha taa na kujaza simu. Mchana inajazwa na pano ya jua. Vichwa vyake pia vilikuwa na unga mweupe. Mutoto mudogo alikuwa anaugusa na kidole. Na chini yake, chupa ya soda yenye maji ndani. "Ni maji gani?" tukauliza. "Ni asidi ya kuongeza," papa akajibu.

Ni nyumba ngapi ku mitaa yetu ziko vile? Wengi wetu. Kwa hiyo tuseme wazi. Asidi ndani ya chupa ya soda inaonekana maji. Mutoto mwenye kiu haulizi. Inaunguza kinywa, koo na tumbo. Kama jambo hilo limefika, usimulazimishe kutapika, sababu itaunguza mara ya pili ikipanda. Asukutue kinywa na maji, na mbio ku hospitali, chupa mukononi ili munganga aione. Kama ni jicho, maji safi mengi, yakitiririka dakika 15 ao 20 bila kuacha, hata akilia, kisha hospitali. Bikarbonati usiweke mu jicho hata kidogo. Hiyo ni dawa ya chuma. Na jambo ambalo wauzaji hawasemi: batri yenye kupungukiwa haiombi asidi. Kinachopotea ndani ni maji, asidi inabaki. Inaongezwa maji ya batri, yale yaliyosafishwa, siyo ya bomba wala ya mto, na kwa batri zenye vifuniko vya kufungua tu. Chupa ile ya asidi haikuwa na kazi mu nyumba.

Hewa yenye kutoka wakati wa kujaza ni hidrojeni. Haina harufu, haina rangi. Ikifika sehemu 4 ku 100 za hewa ya chumba, cheche inatosha. Mutu anayesogeza mushumaa ama kiberiti aone kama maji ya batri yamepungua, anatafuta kulipukiwa ku uso. Batri ya nyumba ikae inje ya chumba cha kulala, mahali pa hewa, juu kuliko mukono wa mutoto, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu pande za juu. Na mbele ya kusugua vichwa vyake, toa kwanza waya za pano, acha ipumzike.

Kuna pia risasi yenyewe. Ule unga mweupe ni risasi, wandugu, hata kama unafanana na chumvi. Kwa mutu mukubwa ni mubaya. Kwa mutoto ni mubaya zaidi, unaingia mu damu na kuharibu akili ambayo ingali inakua, na haitoi alama kwa siku nyingi. Kule Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar mu Senegali, watu walikuwa wanavunja batri za zamani na kupepeta udongo wake kutafuta risasi ya kuuza. Kati ya mwezi wa 11 wa 2007 na mwezi wa 3 wa 2008, watoto 18 walikufa. Wazazi wao hawakuwa wajinga. Walikuwa wanatafuta franga ya chakula, kama sisi tunavyotafuta, na vumbi liliingia mu nyumba juu ya nguo na mikono.

Kwa hiyo kazi hii ya brosi ifanywe inje, watoto mbali. Maji machafu yakusanywe mu kopo, yasimwagwe mu bustani ya lengalenga wala karibu na kisima, wala mahali watoto wanachezea. Vitambaa vinatupwa, havirudi jikoni, na ile brosi iandikwe alama, asije mutu kuitia mu kinywa. Kikopo kile kisirudi kunywewa chai. Mikono inaoshwa na sabuni mbele ya kugusa bukari ama kubeba mutoto. Salopeti ya kazi hiyo inaoshwa peke yake. Na batri iliyokufa kweli haivunjwi mu lupango. Ipeleke nzima kwa mwenye kuuza mupya. Wengi wanaipokea, na wanapunguza bei kidogo, sababu risasi iko na samani.

Nyuma ya kusafisha, angalia tena baada ya mwezi. Kidogo kikirudi, ni kawaida, bikarbonati tena. Lakini unga ukirudi mzito nyuma ya wiki mbili, sababu iko mahali pengine. Pima volti injini ikiwa inazunguka: karibu 13,8 mpaka 14,4 ni vizuri. Ikipita 15, alternateri inachemsha batri, mvuke hautaisha, na hakuna bikarbonati ya kuponya hiyo. Ikibaki 12 na kitu, alternateri haijazi. Kama volti ni nzuri na unga unarudi bado, angalia kama batri imepasuka chini ya kichwa, ama kama imefungwa vibaya inaruka ku njia zetu za mashimo. Na batri ya miaka 4 ama 5, yenye kujazwa usiku mzima na asubuhi inaonyesha tena 12,0, hiyo muuzaji akisema imekufa, anasema kweli.

Jirani yetu, batri yake ina miaka miwili. Ile ya chumbani aliitoa usiku ule ule. Tulimusaidia kuibeba mpaka chini ya baraza, na chupa ya asidi akaipeleka kwa fundi asubuhi yake, akiwa njiani kwenda poste ya kwanza.